Jaketi la kuokoa maisha lina gesi ndani: namna ya kulisafirisha bila kukwama

Katoni ilikuwa moja tu. Ndani mlikuwa na majaketi 12 ya kuokoa maisha, yale membamba yanayojaa upepo yenyewe mtu anapoanguka majini, pamoja na vijitungi 24 vya gesi vya akiba. Mpwa wangu anafanya kazi Sharjah. Yeye na vijana wenzake wa Lamu walioko huko walichanga, wakanunua, wakawatumia wavuvi wa mtaani kwao kwa ndege. Walikuja kuniuliza mimi kwa sababu katika ujana wangu nilisomea stashahada ya uchukuzi, nikakaa miaka sita katika ofisi ya ajenti wa forodha hapa Mombasa kabla ya kuingia kazi hii ya kalamu. Tatizo ni kwamba waliniuliza baada ya kutuma, si kabla.

Kwenye karatasi walikuwa wameandika "vifaa vya michezo".

"Mjomba, tuliambiwa tukiandika hivyo mzigo utapita mbio," mpwa wangu aliniambia kwenye simu.

Haukupita. Mashine ya ukaguzi iliviona vile vijitungi, katoni ikawekwa kando, ada ya ghala ikaanza kuhesabika siku baada ya siku, na kila aliyeulizwa karatasi akamtupia mwenzake. Zilikwenda wiki tano. Katika wiki hizo kusi ilikuwa imeshika, na mashua moja ya mtaani ikapinduka usiku. Watu wanne walishikilia madumu ya maji mpaka alfajiri, ndipo wakaonwa na mashua nyingine. Wote walirudi, alhamdulillahi. Mmoja wao ni shemeji yangu. Hajawahi kunena neno lolote kuhusu ile katoni, na kimya chake kinaniuma kuliko angenilaumu.

Kwa hivyo nimeamua kuyaandika hapa yale ambayo ningemwambia mpwa wangu kama angenipigia mapema. Wanaotuma vifaa vya uokozi nyumbani kutoka Ghuba ni wengi, na wanaoviagiza ni wengi zaidi: wenye mashua za watalii Watamu na Shimoni, wenye hoteli, vikundi vya wavuvi, hata misikiti inayochangia boti za dharura.

Kwanza tuelewe ni kitu gani tunachosafirisha. Kijitungi cha jaketi kinatoshea kwenye kiganja. Jaketi la kawaida la mtu mzima hutumia chenye gramu 33 za kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ikifunguliwa huwa karibu lita 18, nayo ndiyo inayolijaza jaketi kwa sekunde chache. Ili lita 18 zikae kwenye chuma kinachoenea mkononi, gesi imeshindiliwa mpaka ikageuka maji. Katika nyuzi 20 za joto shinikizo ndani ya kijitungi hicho ni takriban mara 57 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Likipita nyuzi 31 gesi hiyo haiwezi tena kubaki maji, na shinikizo hupanda kwa kasi. Sasa fikiria kontena la chuma lililosimama Kilindini juani saa nane za mchana mwezi wa Februari. Vijitungi vimetengenezwa kuhimili joto hilo, lakini vikiwa vizima, visivyo na kutu wala kubonyea, na visivyogongana ndani ya katoni kama kokoto.

Wako watakaosema hizi ni hofu za makarani. Mwaka 2008, tarehe 25 Julai, ndege ya Qantas aina ya Boeing 747 ilikuwa ikitoka Hong Kong kwenda Melbourne. Mtungi mmoja wa oksijeni, ambao uliwekwa mle kwa ajili ya abiria wakati wa dharura, ulipasuka hewani na kutoboa ubavu wa ndege. Rubani aliteremka haraka na kutua Manila, na hakuna aliyeumia. Mtungi ule haukuwa mzigo wa mtu, ulikuwa kifaa cha usalama cha ndege yenyewe.

Wa ValuJet hawakupata bahati hiyo. Tarehe 11 Mei 1996 ndege yao ilianguka kwenye vinamasi vya Everglades, Florida, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Miami, wakafa watu wote 110. Chini kwenye shehena mlikuwa na maboksi ya vifaa vya kuzalisha oksijeni vilivyong'olewa kwenye ndege nyingine kwa kuwa muda wake ulikuwa umepita. Vile havikuwa na gesi ya kushindiliwa, vilitengeneza oksijeni kwa kemikali na vilitoa joto kali vikiwaka. Havikuwekewa vifuniko vya kuzuia visijiwashe. Na kwenye karatasi yake iliandikwa kwamba ni mikebe mitupu. Ni neno hilo moja ninalotaka msomaji alikumbuke. Aliyepakia aliamini karatasi. Rubani aliamini karatasi. Katika kazi hii kila anayefuata baada yako hana macho isipokuwa yale uliyoyaandika wewe.

Sheria zenyewe hazitungwi Mombasa wala Dubai. Umoja wa Mataifa una orodha ya bidhaa hatari, kila moja na namba yake ya tarakimu nne. Kutokana na orodha hiyo shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, hutoa maelekezo ya ndege, na mashirika ya ndege huyafuata kupitia kitabu cha IATA ambacho hutoka upya kila Januari. Upande wa bahari kuna kanuni za IMDG za shirika la IMO, ambazo zimekuwa za lazima tangu mwaka 2004 na hufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka miwili. Hapa kwetu anga inasimamiwa na KCAA na bahari na KMA. Ukipewa nakala ya kitabu cha miaka mitano iliyopita, isome kwa kujielimisha lakini usiitumie kutumia mzigo.

Jaketi linalojaa lenyewe lina namba 2990. Hiyo ni namba ya vifaa vya kuokoa maisha vinavyojijaza, na imewekwa katika daraja la 9, daraja la vitu mchanganyiko ambavyo havikuingia kwingine. Lebo yake ni almasi nyeupe yenye mistari myeusi iliyosimama katika nusu ya juu. Kifaa cha kuokoa maisha kisichojijaza chenyewe, lakini kina kitu hatari ndani yake, kina namba 3072, daraja lile lile.

Hapa ndipo kwenye habari njema, na ndipo mpwa wangu alipopoteza wiki tano bure. Kanuni zimeyapa majaketi haya mlango wa msamaha, wa ndege na wa meli pia. Ikiwa majaketi yamefungwa katika kasha gumu na imara, uzito wa jumla hauzidi kilo 40, hamna kitu kingine hatari ndani isipokuwa gesi isiyowaka na isiyo na sumu, kila kijitungi hakizidi ujazo wa mililita 120, na kijitungi hicho kimewekwa kwenye jaketi kwa kazi moja tu ya kulijaza, basi mzigo huo hausafirishwi kama bidhaa hatari. Kijitungi cha gramu 33 ni mililita 50 hivi. Hata cha gramu 60 kinapita bila shida. Kwa ndege kuna sharti dogo tu: kwenye hati ya mzigo yaandikwe maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba mzigo hauna kizuizi, pamoja na namba ya maelekezo ya ufungaji, ambayo ni 955. Mstari mmoja wa wino! Majaketi 12 yale yangeliandikwa hivyo kwa jina lake la kweli, yangefika kabla ya kusi kukolea.

Lakini wangeyafunga peke yake. Kilichoharibu zaidi ni vile vijitungi 24 vya akiba vilivyomwagwa juu ya majaketi. Msamaha unahusu kijitungi kilichofungwa ndani ya jaketi. Kikitolewa kikawekwa pembeni, hakiingii tena katika mlango huo. Huwa ni chombo cha gesi kinachojitegemea, na kaboni dayoksaidi ina namba yake, 1013, katika daraja la 2.2, gesi zisizowaka na zisizo na sumu. Lebo yake ni ya kijani yenye picha ya mtungi. Akiba itumwe kwa mzigo wake, na aulizwe mtaalamu inaingia chini ya kifungu gani kwa ukubwa wake. Ukichanganya viwili katika katoni moja, kile kigumu humvuta kile chepesi.

Vilevile angalia jaketi lenyewe lina nini kingine. Baadhi huja na taa ya betri ya lithiamu au fataki ya ishara mfukoni. Msamaha unasema hamna kitu kingine hatari. Taa moja iliyosahaulika inatosha kuufunga mlango.

Mashua za mpira za kujiokolea, zile zinazokaa kwenye pipa jeupe juu ya sitaha, ni habari nyingine kabisa. Nazo ni 2990, ila mtungi wake ni mkubwa, na ndani mna fataki, taa, betri, pengine na dawa za huduma ya kwanza. Hizo zinasafiri kama bidhaa hatari kamili, zenye lebo, zenye tamko la mtumaji lililotiwa sahihi, na limeandikwa na mtu aliyesomea. Wenye meli wanazijua vizuri kwa sababu mkataba wa SOLAS unataka zifanyiwe ukaguzi katika kituo kilichoidhinishwa kila miezi 12, kwa hiyo husafirishwa kwenda na kurudi. Wanaonunua mitumba ya mashua hizo kutoka meli zinazovunjwa ndio wasioyajua. Nimewahi kuona moja imefungwa juu ya pikapu kwa kamba ya katani, pipa limepasuka na fataki zinachungulia. Niliiacha barabara nzima kwa dereva yule.

Kizimamoto kina namba 1044, daraja la 2.2, hata kile kidogo cha gari. Watu hudhani unga ndio hatari, kumbe unga hauna neno. Cha kuangaliwa ni gesi inayousukuma. Pini yake iwe mahali pake, imefungwa isichomoke, na kifaa kisimame imara ndani ya kasha. Abiria wa ndege hakubaliwi kukitia kwenye mzigo wake.

Kwa wazamiaji wa Diani na Watamu: mtungi wa hewa ya kuzamia uliojaa una shinikizo la karibu mara 200 ya hewa ya kawaida, nao una namba 1002. Gesi za daraja la 2.2 ambazo hazijageuka maji hutoka kwenye kanuni hizi shinikizo likishuka chini ya kilopaskali 200 katika nyuzi 20, ambalo ni pungufu kidogo ya tairi la gari dogo. Ndiyo maana mashirika ya ndege hutaka mtungi utupwe hewa yote na vali iwe wazi au imetolewa ili mkaguzi aone kwa macho yake. Msamaha huu wa shinikizo haumhusu mwenye kaboni dayoksaidi, kwa kuwa hiyo imo mtungini kama maji. Mtungi wake uliotumika nusu haujawa mtupu, na kuandika "mtupu" juu yake ni kurudia kosa la Miami.

Oksijeni, namba 1072, hubeba lebo mbili, ya kijani na ya njano, kwa sababu inauchochea moto. Nawataja hapa wagonjwa wetu wanaokwenda India kutibiwa. Kanuni za abiria zinaruhusu mtungi mdogo wa oksijeni ya gesi wa matibabu usiozidi kilo 5 kwa jumla, lakini ni kwa idhini ya shirika la ndege, na mashirika mengi hukataa la abiria na kutoa la kwao kwa malipo. Piga simu siku nyingi kabla. Oksijeni iliyogeuzwa maji hairuhusiwi kabisa mikononi mwa abiria.

Baharia au mvuvi anayesafiri na jaketi lake kama abiria naye ana kifungu chake: jaketi linaloweza kuwa na vijitungi viwili ndani, na vijitungi viwili vya akiba, kwa idhini ya shirika la ndege. Narudia kwa idhini, kwa sababu wengi hufika kaunta ya Moi wakiwa na kurasa walizochapisha kutoka kwenye simu na kuanza kubishana. Kanuni inasema unaweza kuruhusiwa, haisemi ni haki yako. Omba idhini kwa maandishi na uibebe. Ukiunganisha ndege mbili za mashirika tofauti, idhini ya la kwanza haimfungi wa pili.

Kwa posta, usitume. Mkataba wa posta wa dunia unakataza bidhaa hatari katika barua na vifurushi isipokuwa vichache mno, na mitungi ya gesi haimo.

Bahari inatupa nafuu ya bei, na kwa vijitungi vya akiba ndiyo njia ninayoipendelea. Tatizo letu ni makontena ya mchanganyiko, yale ya "funga virago" ambamo Waswahili wa Ghuba hutia friji, magodoro, sabuni na baiskeli katika kontena moja. Mwenye kontena huandika vyombo vya nyumbani, basi. Ukiweka gesi humo bila kumwambia, unamtwika dhambi asiyoijua, na moto ukitokea melini mabaharia watauzima wakiwa hawajui wanasogelea nini. Mwambie. Akikataa, tafuta mwingine. Kutoka Mombasa kwenda visiwani mzigo hupanda jahazi au boti, na hapo kanuni za kimataifa hulegea: SOLAS yenyewe imeyaacha nje majahazi ya mbao ya kienyeji. Hata hivyo nahodha aambiwe. Mitungi mikubwa ya kaboni dayoksaidi isikae ngamani, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala chini pale pale, na anayeshuka kumwaga maji anaweza asipande tena.

Na nani anajaza karatasi? Mzigo unaotoka kama bidhaa hatari kamili kwa ndege unahitaji tamko la mtumaji, lile lenye michirizi mekundu pembeni, na anayelitayarisha awe amefunzwa, mafunzo yanayorudiwa kila miezi 24. Ajenti anaweza kukufanyia kwa ada, lakini jukumu la ukweli wa yaliyomo linabaki kwako uliyenunua. Mpe karatasi ya usalama ya mtengenezaji inayotaja gesi, uzito na ujazo wa kijitungi. Ajenti anayekwambia "andika chochote, mimi nina watu wangu" mkimbie. Nilikaa meza moja na mmoja wa namna hiyo, na siku mzigo ulipozuiwa watu wake hawakushika simu.

Baada ya haya yote nitasema jambo ambalo wauzaji hawatalipenda. Kwa boti za abiria, Mokowe hadi Amu au za kupeleka wanafunzi, nunueni majaketi ya sponji. Hayana gesi, hayana namba, hayana karatasi, hupita kila mlango, na hayangoji mashine ifanye kazi. Yale ya kujijaza yenyewe yakirundikwa kwenye boti inayorushiwa maji kila siku, kidonge chake huyeyuka na jaketi hujaa likiwa limening'inia. Mvuvi wa nyavu ndiye wa kununuliwa la gesi, kwa sababu la sponji linamzuia mikono na kumchemsha juani, na jaketi asilolivaa ni sawa na lililobaki Sharjah.

Ile katoni ilifika hatimaye. Vijitungi vya akiba vilitolewa vikaharibiwa kwa gharama yetu, majaketi yakafunguliwa njia kwa mstari ule mmoja wa wino. Akiba mpya ilikuja kwa meli miezi mitatu baadaye, imetajwa kwa jina lake. Kila kijitungi kimepigwa chapa ya uzito wake wa chini kabisa, na kikipungua ujue kimevuja. Mizani ya duka la samaki haioni gramu mbili tatu, kwa hivyo kabla ya kusi wavuvi huvibeba kwa sonara mmoja, akavipima kimoja kimoja kwenye mizani yake ya dhahabu. Mwaka huu kimoja kilipatikana kimepungua gramu tisa. Kilikuwa kwenye jaketi la shemeji yangu.